Turbo Haitoi Pumzi ya Bure

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Leo sina sungura wala fisi. Nina kijana mmoja wa Arusha, shangazi yake ambaye ni fundi wa magari, na Subaru Impreza WRX iliyokula chumvi nyingi. Uongo uko kwa hao watu wawili tu, maana nimewatunga mwenyewe. Gari, milima na mitambo ni kweli tupu.

WRX za kwanza zilitoka Japani mwaka 1992. Ya kijana wetu ni ya miaka hiyohiyo ya tisini, kwa hiyo mipira na plastiki zake nyingi zimemzidi umri yeye mwenyewe. Injini ni ya lita 2, ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Juu ya boneti kuna tundu pana lililoachama. Watoto wa mtaani wanadhani ni pambo. Subirini, tutalifikia.

Jumamosi asubuhi kijana akaliingiza gari uani kwa shangazi yake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Limekuwaje?”

“Halivuti. Nikikanyaga mafuta linatoa moshi mweusi, kisha linajikongoja. Lakini usijali, kuna jamaa ana kifaa cha kuongeza upepo wa turbo. Tukikifunga leo, jioni litakuwa linapaa.”

Shangazi akafungua boneti. “Unataka kuongeza upepo. Na huu uliopo, unajua unakwenda wapi?”

Kijana hakuwa na jibu. Ninyi nanyi hamna, kwa hiyo tumwache hapo kidogo tuelezane.

Injini ya petroli inaishi kwa hewa, mafuta na cheche. Pistoni ikishuka, hewa inavutwa ndani ya silinda na petroli inanyunyizwa. Pistoni ikipanda inaubana mchanganyiko huo, plagi inatoa cheche, moto unaisukuma pistoni chini, na moshi unatolewa nje. Ukitaka nguvu zaidi, sharti uchome petroli zaidi. Lakini nani kati yenu amewahi kuwasha jiko la mkaa? Ukilijaza mkaa bila kulipepea utapata moshi tu. Petroli nayo ina masharti hayo: kila gramu moja inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu silinda ina ukubwa wake na haivuti zaidi ya kinachoweza kuingia. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi alisajili hataza ya wazo lililokuja kuwa turbo. Moshi wa injini hutoka ukiwa na joto kali na kasi, halafu nguvu hiyo yote inapotelea hewani. Büchi alitaka moshi huo ufanye kazi kabla ya kuondoka.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi unapita upande wa kwanza na kulizungusha gurudumu lake. Kwa kuwa shafti ni moja, gurudumu la pili nalo linazunguka, likivuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Kasi yake inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo inapitishwa kwanza kwenye intakula, ambayo ni rejeta ya kupoza hewa. Sasa mmejua lile tundu la boneti: katika Impreza intakula imelala juu ya injini, na tundu linaipelekea upepo wa kuipoza.

Aliyeionyesha dunia thamani ya kifaa hiki juu ya mlima ni Mmarekani Sanford Moss. Ndege za vita za wakati ule zilikuwa zikipanda juu zinaishiwa nguvu, kwa maana kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito. Mwaka 1918 Moss na wenzake walipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Bila turbo ilitoa nguvu farasi 230 hivi. Kwa turbo ilitoa 356.

Mtoto wa Arusha asione mambo hayo ni ya mbali. Mlima Meru unaomtazama kila asubuhi una mita 4,562, umeupita Pikes Peak. Mji wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa asilimia 13 hivi. Gari lisilo na turbo likitoka Tanga kwenda Arusha hupoteza sehemu ya nguvu zake njiani. Lenye turbo nzima hupoteza kidogo sana, kwa kuwa turbo inalishindilia hewa iliyokosekana.

Haya, turudi uani.

Shangazi hakufungua turbo. Alichukua kifuniko cha bomba la PVC la maji, akakitoboa katikati, akapachika valvu ya tairi, akakifunga kwa klipu kwenye mdomo wa kuingizia hewa katika turbo. Akamwambia kijana apige pampu polepole, akiangalia geji asizidishe upepo. Yeye akawa anapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira na kila kiungio. Walipofika kwenye mpira unaotoka turbo kwenda kwenye intakula, povu likafura. Chini yake, mahali ambapo jicho halifiki, mpira ulikuwa umepasuka urefu wa kidole.

“Kitundu hicho tu?” kijana akauliza. “Ndicho kinachotoa moshi mweusi?”

“Ndicho. Kule mbele, baada ya filta, kuna sensa inayopima hewa yote inayoingia. Kompyuta ya gari inasoma kipimo hicho na kuamua petroli ya kunyunyiza. Sensa imehesabu hewa, petroli imetolewa kwa hesabu hiyo, lakini hewa imetorokea njiani. Petroli ikikosa hewa haiungui yote. Inatoka nyeusi.”

Vijana wangu, hesabu hiyo ndiyo roho ya gari lenye turbo. Kila pumzi inayoingia imeandikwa mahali, na kwa kila pumzi injini inadai petroli yake, oili yake na upoozaji wake. Ukiielewa hiyo, mambo mengi ya gereji yatafunguka yenyewe. Mmewahi kusikia gari likitoa mlio wa “pshhh” dereva anapobadilisha gia? Ni valvu inayotoa upepo wa turbo dereva anapoachia mafuta. Katika Impreza hii kiwanda kiliipanga valvu hiyo irudishe hewa ndani ya njia yake. Wapenda sauti huibadilisha ili imwage hewa nje. Hewa ile ilikwisha kuhesabiwa, kwa hiyo kila “pshhh” inaacha petroli ya ziada ndani. Sauti imepatikana, hesabu imeharibika.

Wakabadilisha mpira na klipu mbili zilizokuwa zimelegea. Shangazi akabadilisha pia mipira myembamba ya upepo iliyokuwa imekauka na kuwa migumu. Mmojawapo unakwenda kwenye kifaa kidogo kinachofungua mlango wa pembeni wa turbo. Shinikizo likifika kiwango kilichowekwa, mlango unafunguka na moshi unapita kando bila kuzungusha gurudumu, ili upepo usizidi. Mpira huo ukichomoka, mlango haufunguki, na turbo inashindilia bila kikomo.

“Kifaa cha yule jamaa yako ni bomba dogo lenye skrubu,” shangazi akasema. “Kinafungwa hapahapa. Kinavujisha upepo kidogo ili mlango udanganyike, uchelewe kufunguka. Kompyuta haijaambiwa lolote.”

“Si nguvu zitaongezeka?”

“Zitaongezeka. Na utazilipia.”

Malipo yenyewe ni haya. Hewa ikibanwa kupita kiasi inakuwa ya moto mno, na mchanganyiko wake na petroli unaweza kujilipukia ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi. Mapigo hayo huvunja pistoni. Petroli ya okteni ya juu huyazuia zaidi, na injini hizi zilitengenezwa kwa petroli ya namna hiyo ya Japani. Hata viwanda vikubwa vimeonja adha ya mapigo hayo. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari liitwalo Jetfire, mojawapo ya magari madogo ya kwanza kuuzwa na turbo. Ili lisijilipukie, lilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na alkoholi, na mwenye gari alipaswa kujaza tangi lake dogo kila mara. Wengi walisahau, na turbo nyingi ziliishia kung’olewa.

Halafu kuna oili. Shafti ya turbo inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na upande mmoja wake unapigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Ukitoka kukimbiza gari ukazima ghafla, oili inasimama pale kwenye moto na kuungua, ikaacha masizi yanayoziba vijia. Ndiyo maana dereva mwenye busara huendesha polepole dakika za mwisho kabla ya kuzima. Injini hii ya Subaru nayo haisamehe oili iliyopungua: beringi za konrodi hukauka, mlio wa “ko-ko-ko” unaanza, na mafundi wanatikisa kichwa wakisema imenoki. Kupima oili kwa kijiti hakuhitaji hata spana.

Kijana bado hakukata tamaa. “Lakini magari ya mbio yanafanya yote hayo. Na yanalipua moto kwenye ekzosti!”

Hapo shangazi akacheka, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mpenzi wa mbio. Mbio za magari za Safari Rally zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1994 Patrick Njiru wa Kenya alishika nafasi ya nne akiwa na Impreza WRX, na mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti alishinda akiwa na Impreza. Ile milipuko ya magari ya mbio ina kazi. Dereva akiachia mafuta, moshi unapungua na turbo inapoteza kasi, kwa hiyo kompyuta hupeleka petroli ikaungulie kwenye ekzosti ili gurudumu liendelee kuzunguka. Moto huo unaitafuna turbo. Timu ya mbio ina mafundi na turbo za akiba. Wewe una moja, na ina umri wa miaka thelathini.

“Basi gari langu lisiongezwe kitu?”

“Sijasema hivyo. Nimesema kuna zamu. Kwanza lifanye kazi kama lilivyotoka kiwandani: lisivuje upepo, lisile oili, lisichemshe, na mkanda wa taimingi uwe mpya. Pili, funga geji ya shinikizo na ya joto la oili ili uone kinachoendelea. Tatu, breki na matairi, kwa sababu kinachokwenda kasi lazima kisimame. Mwisho kabisa ndiyo ekzosti pana na upepo zaidi, na siku hiyo kompyuta inapangwa upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hatupangi kwa masikio.”

Jioni kijana aliwasha gari. Moshi mweusi ulikwisha. Barabarani, turbo ilipoamka, mgongo wake ulibandikwa kwenye kiti, naye hakuuliza tena habari za yule jamaa.

Hadithi yangu imekwisha, lakini wenye hamu ya kushika spana wasiondoke bado. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liweke juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maana maji yake yanaruka na kuunguza uso. Usiiguse turbo hadi ipoe kabisa, hata kama gari limezimwa muda. Na usishike kazi yoyote ya gari bila mtu mzima anayeijua. Mkipata fundi kama shangazi huyu, msimsumbue kwa kuuliza gari linaweza kufika nguvu farasi ngapi. Mwombeni awaonyeshe njia ya hewa, kuanzia kwenye filta hadi kwenye ekzosti, mpira mmoja baada ya mwingine. Anayeijua njia hiyo amekwisha kuwa nusu fundi.