Bima ya Afya kwa Muislamu Anayehamia Nchi ya Ugeni: Hukumu na Utaratibu Wake

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, kijana mmoja aliyesoma katika madrasa yetu alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa barua ya kukubaliwa kusoma chuo kikuu nchini Ujerumani. Ya pili ilikuwa mkataba wa bima ya safari aliotakiwa kuuonyesha ili apate viza. Kijana huyu ana maradhi ya seli mundu tangu utotoni, na katika mkataba ule alikuta kipengele kinachosema kuwa maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya safari hayatalipiwa. Mzee mmoja msikitini alikuwa amekwisha kumwambia kuwa bima zote ni haramu, basi asiende. Rafiki yake naye alimwambia ajaze fomu na ayafiche maradhi yake. Akatuuliza: Je, kulipa bima ni halali? Na je, nikifiche nilichonacho?

Tumeona maswali haya si ya kijana huyu peke yake. Vijana wetu wanakwenda kusoma Ulaya na Marekani, na ndugu zetu wanakwenda kufanya kazi Ghuba, na wengi huondoka bila ya kujua lolote katika jambo hili. Basi tumeona ni vyema tulieleze kwa pande zake mbili, upande wa fiqhi na upande wa utaratibu.

Kujitibu na kuchukua sababu

Kwanza tufahamu kuwa kujitibu ni jambo lililowekwa na sharia. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.) kuwa mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaamrisha wafanye hivyo, akawafahamisha kuwa hakuna maradhi yasiyo na dawa isipokuwa uzee. Wala kujiandaa kabla ya maradhi hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee hakuambiwa achague moja kati ya mawili hayo. Kwa hiyo anayesema, "Mimi sihitaji maandalizi, Allah ataniafu," hajaifahamu maana ya tawakkul.

Hitilafu ya wanazuoni imo katika njia ya kujiandaa, yaani mkataba wenyewe wa bima.

Asili ya hitilafu

Bima kwa sura yake ya leo haikuwepo zama za maimamu wanne. Miongoni mwa wa mwanzo kuizungumzia ni Ibn Abidin wa Damascus, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836). Alielezea malipo yaliyoitwa sukra, ambayo wafanyabiashara waliyatoa kwa ajili ya mali zinazosafirishwa baharini, akasema si halali kwa mfanyabiashara kuchukua badala ya mali iliyoangamia, kwa sababu ni kulazimisha kisicholazimu.

Waliofuata waliona katika bima ya biashara kasoro tatu. Ya kwanza ni gharari, kwani mwenye kulipa hajui atapata nini, na huenda asipate kitu, na Mtume (S.A.W.) amekataza uuzaji wa gharari kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Ya pili ni kufanana na kamari. Ya tatu ni riba, katika ubadilishanaji wa fedha kwa fedha na katika namna kampuni inavyoziwekeza fedha hizo. Sheikh Mustafa Al-Zarqa (aliyefariki 1999) alitofautiana na wengi. Katika kongamano la fiqhi la Damascus la mwaka 1961 alitetea kuwa bima ni mkataba mpya wenye maslaha, na akaukisia na mambo kama aqila.

Desemba 1985, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah ilipitisha azimio lake namba 9 kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano, yaani ta'awuni, iliyosimama juu ya kuchangiana kwa hiari na kusaidiana. Kisha katika kikao chake cha 16 mjini Dubai, Aprili 2005, Majmaa iliizungumzia bima ya afya peke yake. Mtu akikubaliana moja kwa moja na hospitali imtibu kwa malipo maalumu, ikaruhusu kwa masharti, kwa kuwa gharari yake ni ndogo na haja ni kubwa. Ikiwa ni kupitia kampuni ya bima ya biashara, ikabaki juu ya katazo la 1985. Na ikiwa ni ya ta'awuni, ikaruhusu.

Waislamu walitibiwaje ugenini zamani?

Hapa tusimame kidogo katika historia, maana wako wanaodhani kuwa kuchangia matibabu ya mgeni ni fikra iliyotoka Ulaya. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwamba chakula kinapowapungukia safarini, hukusanya walichonacho katika nguo moja kisha wakagawana sawasawa. Aqila nayo ni ukoo kuchangia diya ya mauaji ya kukosea, ili mzigo usimvunje mtu mmoja.

Ama matibabu, yalibebwa na wakfu. Nur al-Din Zangi alijenga bimaristani yake Damascus mnamo mwaka 549 Hijria (1154), na Sultani Qalawun akajenga ya kwake Cairo mwaka 683 Hijria (1284). Wakfu wa Qalawun uliwekewa masharti kuwa watibiwe wanaume na wanawake, matajiri na mafakiri, wenyeji na wageni, na anayefariki humo akafiwe kwa mali ya wakfu. Mgeni hakuulizwa kadi, kwa sababu waliotangulia walikwisha kumlipia. Wakfu hizo zilipodhoofika, aliyekosa ukoo alikosa na tabibu. Pengo hilo ndilo lililojazwa na bima.

Nchi hazifanani

Kosa tunaloliona kwa wengi ni kutoa hukumu moja juu ya neno "bima" bila ya kutazama kilichomo ndani yake.

Uingereza, anayeomba viza ya kukaa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya pamoja na ombi lake. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa wanafunzi ni pauni 776. Akishalipa, hutibiwa katika huduma ya afya ya taifa kama wenyeji wanavyotibiwa. Hii kwa hakika ni ada ya serikali, na haihusiani na mkataba wa kampuni ya bima.

Saudi Arabia, nidhamu ya bima ya afya ya ta'awuni ya mwaka 1420 Hijria (1999) imemlazimisha mwajiri wa sekta binafsi kumkatia bima mfanyakazi wake wa kigeni. Dubai ina sheria yake ya mwaka 2013. Anayekwenda huko ajue kuwa gharama iko juu ya mwajiri, asikubali kukatwa mshahara kwa ajili yake, na aombe kadi yake mwenyewe mkononi.

Marekani, mambo yako zaidi mikononi mwa kampuni za biashara. Mwenye viza ya J-1 ya mabadilishano analazimika kuwa na bima ya angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kurudishwa nyumbani kwa matibabu, na dola 25,000 za kusafirisha maiti.

Mfano wa Ujerumani

Turudi kwa kijana wetu. Ujerumani ilianza bima ya afya ya wafanyakazi kwa sheria ya mwaka 1883, na tangu 2009 kila mkazi analazimika kuwa na bima. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni mifuko ya umma. Mifuko hii haina wenye hisa wala haigawi faida. Mfanyakazi huchangia kwa kiasi cha kipato chake, hata akiwa mgonjwa kiasi gani, na mwajiri hubeba sehemu yake. Mke au mume asiye na kipato na watoto huingia bila ya mchango wa ziada. Na mfuko hauwezi kumkataa mwanafunzi anayestahiki kwa sababu ya maradhi yake. Ya pili ni kampuni binafsi, ambazo huuliza umri na maradhi, kisha hupanga bei, huvitoa baadhi ya vitu, au hukataa.

Anayetazama kwa jicho la fiqhi ataona kuwa njia ya kwanza iko karibu zaidi na ta'awuni: mwenye afya humbeba mgonjwa, na mwenye nacho humbeba asiye nacho. Hatudai kuwa ni takaful iliyokamilika, kwani haikusimama juu ya hiari, na akiba zake hazikutengwa na riba. Lakini sheria imeilazimisha, na aliyelazimishwa hana dhambi ya alicholazimishwa. Hata bima ya biashara, Baraza la Ulaya la Fat-wa na Utafiti limeruhusu pale sheria inapolazimisha au haja inapokuwa kubwa na ya ta'awuni haipatikani, kwa kanuni kuwa haja ya watu wote huchukua nafasi ya dharura. Wako waliosema aliyelazimishwa atibiwe kwa kiasi alicholipa tu, na wako walioruhusu zaidi. Tunaloliona sisi ni kuwa atibiwe, kwani malipo huenda kwa tabibu na mgonjwa hapewi pesa mkononi.

Ama utaratibu, tulimpa kijana wetu mambo manne. Kwanza, bima ya safari ni ya kuingilia nchini tu, na kadi yake ya nyumbani haitoshelezi sharti la huko. Pili, mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 hujiandikisha katika mfuko wa umma kwa mchango maalumu wa wanafunzi, ambao ni zaidi ya yuro 100 kwa mwezi, na chuo hakimsajili bila ya uthibitisho huo. Tatu, na hapa wengi huteleza, mwanafunzi anaweza kuomba asamehewe mfuko wa umma katika miezi mitatu ya mwanzo ili akate bima binafsi iliyo rahisi. Akishasamehewa, hawezi kurudi muda wote wa masomo yake. Kwa mwenye seli mundu, urahisi huo ni mtego. Nne, bima ya mwanafunzi huanza na muhula, na ule wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba. Siku zilizo kabla yake zimo ndani ya bima ya safari, ile isiyolipia maradhi ya zamani. Basi asitangulie kufika mapema bila ya sababu, na achukue dawa za kumtosha pamoja na barua ya daktari wake.

Ukweli katika fomu, na amana ya kadi

Ama swali lake la pili, tulimwambia: usifiche. Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi, wala hakubagua kati ya kumghushi Muislamu na asiye Muislamu. Tena Muislamu aliyeingia nchi kwa viza ameingia kwa ahadi ya amani, na kutekeleza ahadi ni wajibu. Juu ya hayo, kampuni ikigundua maradhi yaliyofichwa huuvunja mkataba siku ile ile mgonjwa anapouhitaji. Tazama jinsi haramu ilivyokuwa pia ni hasara.

Katika mlango huo huo, tunawakumbusha ndugu zetu walioko nje juu ya kuazimana kadi. Mtu humpa kadi mgeni wake akatibiwe kwa jina lake, akidhani anafanya ihsani. Hiyo ni khiyana, na ni hatari. Kundi la damu la mgeni huandikwa katika faili la mwenye kadi, na siku akiletwa hajitambui hutibiwa kwa habari za mtu mwingine.

Mwenye kufariki ugenini

Bima inayotakiwa kwa viza fupi ya nchi za Schengen, ya angalau yuro 30,000, hujumuisha kurudisha maiti. Lakini mkaazi akishaingia mfuko wa umma wa Ujerumani, mfuko huo haulipii mazishi. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wamezuia kuhamisha maiti kutoka mji mmoja hadi mwingine, isipokuwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul-Maqdis. Basi usia bora ni azikwe alipofia katika makaburi ya Waislamu, na jumuiya za Waislamu huko ziwe na mfuko wa kuzikana uliokwisha kuchangwa, badala ya kupitisha kofia maiti akiwa hospitali.

Hitimisho

Kwa mukhtasari: penye bima ya ta'awuni, hiyo ndiyo ya kutangulizwa. Penye ada au mfuko wa umma uliolazimishwa na sheria, hakuna ubaya. Penye ya biashara tu, mtu asiingie ila kwa kulazimishwa na sheria au kwa haja ya kweli, na asizidishe. Na kote huko, asiseme uongo.

Kwa maimamu wenzetu tuna nasaha moja. Kijana anapokuja kuaga, tusimsomee dua peke yake. Tumuulize anakwenda nchi gani, ana maradhi gani, na nani atamlipia akiugua. Na tusimjibu kwa neno moja la "haramu" kisha tukamwacha njiani.

Kijana wetu alikwenda. Baridi ya kwanza ilimwangusha kwa maumivu ya mifupa, akalazwa siku sita. Alipotoka alilipa yuro 10 kwa kila siku aliyolala, yaani yuro 60, na zilizobaki zililipwa na mfuko. Alitupigia simu, akasema kuwa waliomlipia hawamjui wala yeye hawajui. Tukamwambia: nawe unapochangia ukiwa mzima, tia nia ya kumsaidia usiyemjua, upate ujira wake.

Wallahu a'alam.