Bango la Mbio Linapendeza, Lakini Pesa Zinaenda kwa Nani?

Siku hizi usajili wa mbio huanzia kwenye picha ndani ya WhatsApp. Mtu anaitupa kwenye grupu ya wakimbiaji wa Lanet, mwingine anaipeleka Njoro, na kufikia jioni imeshafika Molo na Gilgil. Ina mkimbiaji, ukingo wa Menengai, flamingo wawili watatu, tarehe, kilomita, na chini kabisa namba ya kulipia. Hapo chini ndipo panatuhusu sisi.

Mbio kubwa kama Nairobi City Marathon, ambayo ilipoanza Mei 2022 ilikimbiwa juu ya Expressway, zina tovuti ya usajili. Lakini klabu ya mtaani hapa Nakuru inayoandaa kilomita 10 Jumapili asubuhi mara nyingi ina bango tu. Hilo bango ndilo ofisi yao. Tapeli analijua hilo: anachukua picha ileile, anafuta namba, anaweka yake, kisha anaiforwadi.

Kama wewe ni mkimbiaji

Uzuri wa bango si ushahidi. Rangi na nembo zinanakiliwa kwa dakika chache. Kile tapeli hawezi kubadilisha ni jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kukamilisha malipo. Bango likisema klabu na simu ionyeshe jina la mtu usiyemjua, simama hapo. Ulizia kwanza kwa kiongozi wa klabu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye bango.

Angalia pia mwaka. Mabango ya msimu uliopita huwa yanazunguka tena.

Ukishapata namba ya kifuani, usiiposti kabla ya mbio. Boston mwaka 2014, kuna watu walioonekana wakikimbia na namba zilizonakiliwa za wakimbiaji waliolipa. Picha yako nzuri inaweza kuwa tiketi ya bure ya mtu mwingine.

Kama wewe ni dizaina au mwandalizi

Tunaona mabango mengi ambapo namba ya malipo imeandikwa kwa herufi nyembamba juu ya picha ya ziwa. WhatsApp ikishaibana hiyo picha, 3 na 8 zinafanana. Kwa hivyo:

- Weka namba kwenye kisanduku cha rangi moja, herufi nene, na uache nafasi kati ya tarakimu.
- Andika jina la biashara jinsi litakavyoonekana kwenye simu ya anayelipa. Mstari huu mmoja ndio unaomkinga mteja wako.
- Taja kama ni Till au Paybill. Till haiulizi namba ya akaunti, Paybill inauliza. Ukiwa na mbio za kilomita 5, 10 na 21, Paybill inakusaidia: mwambie mkimbiaji aandike umbali na jina kwenye akaunti, kwa mfano 10WANJIKU. Siku ya kugawa tisheti hutabishana na mtu.
- Weka tarehe kamili pamoja na mwaka.
- Usikusanye ada kwa namba ya simu ya mweka hazina. Akisafiri au akigombana na klabu, pesa za watu zinabaki kwake.

Na wewe dizaina, kabla ya kutuma faili la mwisho, jitumie bango kwa WhatsApp, lifungue kwa simu ya bei ya chini, kisha ulipe shilingi 10 kwa namba iliyoandikwa. Ikifika kwa klabu, kazi imeisha.

Ukishatuma pesa kwa namba isiyo sahihi

Usingoje hadi Jumatatu. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja ukiwa na ujumbe wa muamala. Pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni mbio ngumu kuliko kupanda Menengai. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako ndiyo akusaidie.

Lipa ukiwa na uhakika, halafu tukutane kwenye mstari wa kuanzia.