Korongo Huanzia kwenye Paa na Ufagio

Agosti 2025, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Guy Ilombe Mawe na wenzake juu ya makorongo yanayokula miji ya Kongo. Kwa kupitia picha za satelaiti walihesabu makorongo 2,922 katika miji 26, ambayo yakiunganishwa yanafika kilomita 740 hivi. Kati ya 2004 na 2023 yaliwafukuza watu wapatao 118,600 makwao. Mengi yamefungamana na barabara, yaani na maji tuliyoyakusanya wenyewe kisha tukayaachia mteremko.

Basi wasomaji wa Kindu, mkoani Maniema, wanauliza: chuo kikuu, chenye mapaa mapana na viwanja vilivyofyekwa, kifanye nini? Majibu wanayopewa mitaani yanakera. Korongo halitumwi na mchawi, na anayechangisha pesa ili alitambikie ni mwizi. Takataka hazilizibi: maji huzizunguka, hula kingo, kisha huzibeba hadi mto Lualaba. Naye fundi anayejenga mtaro wa saruji unaoishia katikati ya mteremko ameuza korongo jipya, tena kwa bei ghali.

Uongo mgumu zaidi kung'oa ni huu: pandeni miti, inatosha. Tazama kinachotokea. Tone kubwa la mvua hugonga ardhi kwa kasi ya mita 8 au 9 kwa sekunde. Udongo ukiwa mtupu, mabonge yake madogo huvunjika, na chembe laini huziba vitundu ambamo maji yangepenya. Mvua ikikatika, juu hubaki gamba jembamba. Mvua ya pili hulikuta gamba hilo na kuteleza badala ya kuzama. Maji yakiwa yamesambaa nguvu yake ni ndogo. Yakikutana kwenye njia ya miguu, kina na kasi huongezeka pamoja, nayo huanza kuchimba. Yakifika ukingoni huporomoka na kula kitako cha ukuta; sehemu ya juu hubaki ikining'inia, kisha huanguka. Ndivyo korongo linavyorudi nyuma, likipanda mlima kuelekea majengo yale yale yaliyoyamwaga maji.

Sasa weka mti hapo. Matone hukusanyika kwenye majani mapana na kudondoka yakiwa makubwa kuliko yalivyotoka mawinguni. Kutoka mita 8 juu huwa yameshapata karibu kasi yake yote. Chini ya mti uliofagiliwa, udongo unaweza kupigwa vibaya kuliko uwanjani. Kinachoulinda ni majani makavu, nyasi na vichaka, vitu vile vile ambavyo salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, huviondoa kwa jina la usafi.

Chuo Kikuu cha Kinshasa, kilichoanzishwa 1954 kama Lovanium juu ya mchanga wa Mont-Amba, kimelazimika kupambana na makorongo mlimani pake. Kindu ina mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo haina sababu ya kusubiri funzo hilo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la manjanja (mabati) la mita za mraba 600, kwa mvua ya milimita 50, humwaga lita 30,000: mapipa 150 ya lita 200.

Maji hayo yanaweza kunyweshwa ardhini kwenye bustani zilizochimbwa kina kifupi. Wengine wanaogopa kwamba bustani hizo zitazaa mbu. Mbu huhitaji takriban wiki nzima au zaidi majini kabla ya kuruka. Bustani iliyochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili. Mtaro ulioziba na tairi kuukuu ndivyo vinavyomlea. Mafuriko ya maji yasiyozama nayo hubeba uchafu wa vyoo hadi visimani, na kipindupindu tunakijua Maniema.

Kwa hiyo: vuna maji ya paa kwenye matangi. Yanayozidi yaelekeze kwenye bustani hizo za kina kifupi. Piga matuta yanayokata mteremko, na uyapande vetiva, ambayo mizizi yake hushuka mita 3 au zaidi. Usinyweshe maji karibu na choo, kisima wala msingi wa nyumba, na kamwe si karibu na ukingo wa korongo, maana udongo uliolowa hapo huporomoka. Korongo lililokwisha kuwa kubwa lahitaji mhandisi. Hayo mengine yote yanaweza kuanza salongo ijayo, kwa jembe, na ufagio ukiachwa ghalani.