Je, Wajua? Gari la Njia Ngumu
Je, wajua ya kwamba gari lisukumwalo na magurudumu yote manne laweza kukwama topeni ilhali injini yake ni nzima? Sababu ni difu, ambayo kwa tabia yake huliachia gurudumu lililokosa mshiko lizunguke bure, na lile lililokanyaga ardhi ngumu likatulia. Kwa hiyo akusudiaye kuteremka kreta ya Ngorongoro, ambako magari ya namna hii ndiyo pekee yaruhusiwayo, na atazame, kabla ya rangi na fahari ya viti, kama difu ya nyuma yafungika, na kama zipo gia nzito za kuteremkia taratibu pasipo kuunguza breki. Land Rover ya kwanza, iliyodhihirishwa Amsterdam mwaka 1948, haikuwa na anasa yoyote, lakini gia hizo ilikuwa nazo.