Upelelezi wa Kweli katika Nchi ya Kasongo

Vijana wetu hupenda sana hadithi za upelelezi: nyumba imechomwa moto, kitu cha kale kimefichwa, naye kijana mwerevu amfuata mkosaji nyayo kwa nyayo. Hatuwakatazi. Ila twataka kuwaonyesha kwamba Maniema yetu inayo habari ya namna hiyo, tena ya kweli.

Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi, akiugua vidonda vya miguu. Mwaka 1871 akafika Nyangwe, penye soko kubwa kando ya Lualaba. Karatasi zilimwishia, hata akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara ya watumwa waliingia sokoni na bunduki, wakaua. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula; wengine walizama mtoni. Wafanya biashara wenyewe walikisia wafu kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji viliteketezwa. Livingstone akahesabu hata 17.

Baadaye wino ulififia. Watu wakategemea kitabu kilichochapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake. Lakini mwaka 2011 wataalamu, wakiongozwa na Adrian Wisnicki, walitoa picha za karatasi zile zilizopigwa kwa mianga mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, hata chapa ya gazeti ikafifishwa na mwandiko ukatokea. Ndipo walipoona kwamba habari za mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake, Livingstone alizipunguza alipozinakili.

Mtu yule alisikitika kweli, na habari alizopeleka Ulaya zilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Walakini hata mtu mwema huvutwa kuwafunika walio wake. Je, sisi hatufanyi hivyo, mwana wetu anapoiba au ndugu yetu anapompiga mkewe? Amri ya nane yatudai ukweli, nao huanza nyumbani mwetu.

Basi, enyi wanafunzi, waulizeni wazee habari za kale, mkaziandike kama zilivyo, bila kumpendelea mtu. Majina ya wanawake wale wa sokoni hakuna mwanga utakaoyatokeza, maana hayakuandikwa. Mungu peke yake ayajua. Tuwaombee.