Je, Kijana Asiyekula Nyama Anaweza Kujenga Mwili? Na Je, Ana Dhambi Kuiacha?



Limetufikia swali kutoka Rutamba, mkoani Lindi. Muulizaji ni kijana anayenyanyua vyuma uani kwao, vyuma vyenyewe vikiwa ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Nyama na samaki hawezi kuvila tangu utotoni. Harufu yake tu humchafua roho. Wenzake wanamwambia anajichosha bure, kwani mwili haujengeki bila nyama. Babu yake amemwambia zito zaidi: kwamba asiyekula nyama siku arobaini tabia yake huharibika, na kwamba kuikataa nyama ni kuwaiga Wahindu. Kijana anauliza kama ana dhambi, na kama aache mazoezi.

Tuanze na maneno ya babu, maana hayo ndiyo yaliyomuumiza kijana. Mzee wetu ana msingi katika alilosema. Nyama ni neema, Allah ametaja katika Surat An-Nahl, aya ya 5, kuwa wanyama wa kufuga wamo wanaoliwa, na Mtume (s.a.w.) alikula nyama na akipendezwa na sehemu ya mkono, kama ilivyokuja katika Sahihi ya Bukhari. Lakini maneno ya siku arobaini, ambayo wengi tumekua tukiyasikia, hayakuthibiti kuwa ni ya Mtume (s.a.w.). Hunasibishwa kwa Sayyidna Ali (r.a.), na haijengwi hukumu ya halali na haramu juu yake. Hali kadhalika ile riwaya ya Ibn Majah inayoifanya nyama kuwa bwana wa vyakula: wanazuoni wa Hadith wameidhoofisha.

Lililo sahihi ni kisa cha dhabu, yule mjusi wa jangwani. Aliwekwa mbele ya Mtume (s.a.w.) akaacha kumla. Khalid bin Al-Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa si haramu, ila hakuwa chakula cha nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid akala na Mtume akimtazama. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, nacho kinatosha: mtu kuacha chakula cha halali kwa sababu nafsi yake haikitaki si dhambi, maadamu hasemi kuwa ni haramu.

Hapo kwenye kusema kuwa ni haramu ndipo penye hatari. Katika riwaya ya Muslim, miongoni mwa wale Maswahaba waliotaka kuzidisha ibada alikuwamo aliyesema hatakula nyama tena. Mtume (s.a.w.) aliwakemea na kubainisha kuwa anayeupa mgongo mwenendo wake si katika yeye. Basi mwenye kuacha nyama akidhani amekuwa mtakatifu kuliko wenzake, au kwamba kuchinja ni dhulma ambayo Sharia imeikosea, huyo ndiye wa kukemewa, na aya ya 87 ya Al-Maidah inamhusu. Kijana wetu hasemi hayo. Ama kuwaiga wasio Waislamu, hilo huwa katika jambo lililo alama ya dini yao, nalo si kula mbaazi. Lau ingekuwa hivyo, vijiji vingi vya kusini vingeingia mashakani, maana kwa miaka mingi mbung'o walifanya ng'ombe wawe wachache huko, na nyama ikawa ya Idi na ya harusi.

Sasa tuje kwenye vyuma. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko dhaifu, na kila mmoja ana kheri yake (Muslim). Wanazuoni wengi wamesema nguvu iliyokusudiwa kwanza ni ya imani na azma, lakini ya mwili haikutolewa. Mazoezi asiyaache.

Je, mwili utajengeka? Naam. Bill Pearl wa Marekani alishinda taji la Mr. Universe mwaka 1971 akiwa halii nyama, ingawa akila mayai na maziwa. Patrik Baboumian wa Ujerumani, asiyekula hata maziwa, alibeba mzigo wa kilo 550 kwa mwendo wa mita 10 mwaka 2013. Hatuwataji ili wafuatwe katika mengine, bali kuonesha kuwa misuli haiulizi protini imetoka wapi. Inauliza imekuja kiasi gani.

Na kiasi ndicho wengi wanachokosea. Mtu mzima wa kawaida huhitaji protini karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma hufaidika mpaka kiasi cha gramu 1.6 hivi. Kijana wa kilo 60 basi atafute gramu 95 hivi. Akila ugali wa muhogo na mboga ya majani mchana na usiku hatazifikia kamwe, kwani unga wa muhogo gramu 100 hauna hata gramu 3 za protini. Hapa ndipo wenzake walipopata hoja yao: wamemuona asiyekula nyama akiwa dhaifu, wakadhani sababu ni kukosa nyama, kumbe ni muhogo kila siku pasi na kitu cha kuujaliza.

Dawa yake inaota hapo hapo Lindi. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini gramu 21 hivi, kunde na choroko zaidi kidogo, karanga kama 25, ufuta 17. Ajabu ni kuwa mbaazi tumezigeuza mali ya kupimia kwenye ghala tu. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka na wakulima wengi wa kusini wakabaki na magunia ndani, na bado watoto wao wakanywa chai kwa muhogo mkavu.

Tumpigie hesabu. Asubuhi mbaazi za nazi, zilizopimwa gramu 100 kabla ya kupikwa: 21. Unga wa mahindi gramu 300 kwa siku nzima: 24. Kunde au choroko gramu 100 usiku: 23. Karanga konzi mbili, kama gramu 60: 15. Mayai mawili: 12. Jumla ni 95. Na ugali wa mahindi kwa kunde si shibe tu. Kilichopungua katika protini ya nafaka kimo katika jamii ya kunde, na kinyume chake. Wazee waliopika makande hawakusoma hayo darasani. Azizoeshe kidogo kidogo, maana tumbo litanguruma, na aloweke nafaka hizo usiku kucha.

Yapo mawili ambayo asiyapuuze. Madini ya chuma yaliyomo katika mimea mwili huyachukua kwa shida. Ndimu au embe pamoja na chakula husaidia, na chai ya rangi juu ya chakula huzuia. Tunajua ni vigumu kumwambia mtu wa pwani asubiri saa nzima ndipo anywe chai, lakini asubiri. La pili ni vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea ya kawaida. Upungufu wake huja polepole, pengine baada ya miaka, ukaleta upungufu wa damu na ganzi za miguu na mikono. Mayai na maziwa vinasaidia. Kama havili vya kutosha, ameze vidonge na amuone daktari. Achague vidonge vikavu, kwani vile vya maganda laini huenda vina jelatini isiyojulikana asili yake.

Mazoezi mara tatu kwa wiki yanamtosha, akiongeza uzito kwa hatua na kulala vyema. Uani kwao penye wapita njia, suruali yake ifunike baina ya kitovu na magoti.

Ameuliza pia kama inafaa achinje udhhiya naye haionji. Inafaa, na inasihi. Kula sehemu ya udhhiya ya sunna ni jambo linalopendekezwa katika madhehebu ya Imamu Shafi, si wajibu. Lililo lazima ni mafakiri wapate fungu lao likiwa bichi. Akiigawa yote ni bora zaidi kwa majirani ambao hawajaona nyama tangu Idi iliyopita, na fungu la babu lisisahauliwe.

Wallahu a'lam.