Siku 63 Juu ya Mlima Desolation

Chumba ni kimoja tu, cha mbao, kila upande mita nne na kitu, na madirisha yamekizunguka pande zote. Ndani kuna kitanda, meza na jiko la kuni. Umeme hakuna, bomba hakuna, na choo cha shimo kiko nje. Mwanzoni mwa Julai 1956, mwandishi wa Marekani Jack Kerouac, aliyekuwa na miaka 34, alipandishiwa mizigo yake kwa baghala hadi kwenye kibanda hicho. Akaachwa huko peke yake kwa siku 63.

Mlima wenyewe unaitwa Desolation. Uko katika jimbo la Washington, karibu na mpaka wa Kanada, na una kimo cha mita 1,860. Haufiki hata theluthi ya Kilimanjaro, ila uko kaskazini mno, hivyo theluji huweza kubaki hata majira ya joto. Kerouac aliiyeyusha akapata maji ya kunywa. Jina hilo, lenye maana ya ukiwa, lilitokana na moto ulioteketeza miteremko yake mwaka 1926.

Moto ndio uliojenga kibanda hicho pia. Agosti 1910, mioto mikubwa ilikumba majimbo ya Idaho, Montana na Washington, ikala hekta zaidi ya milioni moja za msitu. Tangu hapo Idara ya Misitu ya Marekani ikazidi kuweka walinzi vileleni, na vibanda vikaongezeka hadi kufikia maelfu. Hiki cha Desolation kilijengwa miaka ya mwanzo ya 1930.

Kazi ya mlinzi ni kutazama. Katikati ya chumba kuna chombo cha duara chenye ramani, kinachoitwa Osborne kwa jina la aliyekibuni. Mlinzi akiona moshi, anakizungusha mpaka uzi wake uelekee kwenye moshi, anasoma pembe, kisha anaitangaza kwa simu ya upepo. Hapo amepata mstari tu. Mlinzi wa kilele kingine naye akitangaza wake, pale mistari miwili inapokatana ndipo moto ulipo.

Radi zikianza, mambo yanabadilika. Kibanda kiko juu kuliko kila kitu, na nyaya za kinga ya radi zinashuka ardhini kutoka kwenye paa. Mlinzi anatakiwa kusimama au kuketi juu ya kigoda chenye miguu ya kioo, ili umeme usipate njia kupitia mwilini mwake.

Aliyemwonyesha Kerouac njia ya kazi hii ya ulinzi ni rafiki yake, mshairi Gary Snyder. Snyder alilinda mlima Crater mwaka 1952 na Sourdough mwaka uliofuata. Mwaka 1954 serikali ilimnyima kazi hiyo kwa kumshuku kuwa na uhusiano na wakomunisti. Mshairi mwingine, rafiki yao Philip Whalen, akaja naye kulinda Sourdough.

Snyder aliuzoea mlima kwa mikono: kubeba maji, kupasua kuni, kusoma. Shairi la kwanza katika kitabu chake Riprap, kilichotoka mwaka 1959, ni la kibandani Sourdough.

Kerouac alipanda na tumaini kubwa zaidi. Alikuwa akisoma maandiko ya Kibuddha, akiamini kwamba akikaa peke yake hatimaye atakutana na ukweli wa mwisho. Alichokutana nacho, kama alivyoeleza baadaye, ni nafsi yake mwenyewe, isiyo na pombe wala marafiki wa kuificha. Dirishani, upande wa kaskazini, miamba myeusi ya mlima Hozomeen ilimtisha usiku. Mchana alicheza mchezo wa besiboli wa karata aliojitungia utotoni. Aliandika shajara. Jioni alisikiliza sauti za walinzi wengine kwenye simu ya upepo, wakizungumza kutoka vilele vyao.

Septemba mvua zilipopunguza hatari ya moto, alishuka. Kurasa za vitabu vyake zilikuja akiwa mbali na ukimya ule. Sehemu ya kwanza ya riwaya yake Desolation Angels aliiandika Mexico City miezi michache baadaye. Riwaya nyingine, The Dharma Bums, inayoishia juu ya mlima huo, aliiandika mwishoni mwa 1957 huko Florida, nyumbani kwa mama yake, ikachapishwa mwaka 1958. Siku 63 zile zilimwingia ndani, naye akahitaji mlio wa taipureta na nyumba ya mama ili zitoke.

Kibanda bado kipo, sasa chini ya usimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya North Cascades. Anayetaka kukiona huvuka ziwa Ross kwa boti au hutembea kandokando yake, kisha hupanda mteremko mkali wenye maji haba njiani. Ndani, chombo cha Osborne kingali kimesimama katikati ya chumba, na kaskazini Hozomeen inajaza dirisha.